Nduma za Jengo la Mtoni

Embu,
9 Machi

Kwa Baba mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku Embu, nikitumaini magoti yametulia na baridi haijachoma viazi. Mimi ni mzima. Nala, nalala, naenda kazini.

Uliniuliza kama lile jengo la mapumziko kando ya mto limeisha. Limeisha. Lina baraza ya kukaa na uwanja wa watoto. Chini ya baraza, mfereji unaotoka mjini hupita katika mabwawa manne madogo ya kokoto na mimea, ili maji yafike mtoni uchafu ukiwa umepungua. Mzee Njuki, mlinzi wetu, huwaambia wageni kwamba mimi ndiye msichana anayeogesha mto.

Mwanzoni, kwenye ramani yangu ya mabwawa hayo, nilichora mafunjo. Akina mama wa pale mtoni walinicheka. Mwenyekiti wao, Mama Marcella, aliniuliza ni nani atapalilia kitu kisicholiwa. Akasema nipande nduma, zinapenda maji na kila mtu atazitunza. Niliona amenishinda akili, nikapanda. Zilinawiri, majani mapana kama sinia, nao wakaanza kuzichimba na kuziuza.

Baba, mimea husafisha maji kwa kufyonza yaliyomo. Hilo nilifundishwa darasani. Na mfereji ule hupita kwenye gereji. Januari nilipeleka nduma mbili zikapimwe. Majibu yalikuja siku nne kabla ya ufunguzi: zina madini ya risasi, yale ya betri za magari, kiasi kisichofaa kuliwa, hasa na watoto.

Niliiweka karatasi kwenye droo. Siku ya ufunguzi Mama Marcella aliniletea nduma ya kuchemsha na chai mbele ya wageni, akasema aliyechora aonje kwanza. Nikala yote. Walipoona nimekula, nao wakala, na watoto wao. Ni wiki tatu sasa. Sijalia. Nangoja kuona haya, lakini siioni.

Leo nimempelekea Mama Marcella ile karatasi kibandani kwake anakouzia nduma. Aliisoma polepole, akaniuliza kama nilikuwa nayo siku ile ya chai. Nikamwambia ndiyo. Hakunitukana. Alizimimina nduma zote chini, akafunga kibanda, akaenda shuleni kumchukua mjukuu wake ampeleke hospitali.

Nimetaka uyasikie kwangu kwanza. Msalimie jirani yetu Bundi na wote wanaoniulizia. Usinipigie simu leo.

Ni mimi binti yako,
Kagendo