Njia ya Mwanga Ndani ya Fuwele

Jumatano, 31 Julai 1996. Jinja

Nimefua. Nimepiga pasi gauni la kiwandani. Nimesoma barua ya Musa mara ya tano. Wiki saba za ndoa, na tumelala nyumba moja siku tisa tu. Mimi niko mtaa wa Nalufenya hapa Jinja, yeye yuko Mbale anafundisha fizikia.

Barua nzima ni fuwele! Kipande kidogo kama punje ya hindi, alichoazimwa na profesa wake wa zamani. Anasema mwanga hutawanyika kadiri unavyokwenda, kama wa tochi. Lakini ndani ya fuwele hii, ukiipa umeme mkali, mwale mwembamba wa leza hujichimbia njia na kupita humo bila kutawanyika. Ukizima, njia hubaki, mradi fuwele ikae gizani. Umeme wa Mbale umemruhusu kuichimba njia hiyo mara moja tu katika wiki tatu.

Nani mwingine ana mume wa kuandika hivi? Mwishoni: "Nina hamu nawe mpaka nakosea ubaoni." Nimeibusu karatasi.

Jumamosi, 3 Agosti. Mbale

Nimefika! Likizo ya wiki moja. Chumba chake mtaa wa Nabuyonga kina kitanda, vitabu na jiko la mafuta. Kizuri kuliko ikulu. Nina furaha mno.

Halafu akaniambia. Profesa anakuja Jumatano kuitazama ile njia. Akiridhika, Musa atapata nafasi ya kusoma Ulaya. Miaka miwili. Kuanzia Septemba.

Nilitabasamu. Sikutaka.

Jumatatu, 5 Agosti

Musa alikwenda shuleni. Mama Nambozo, mwenye nyumba, akapita mlangoni: "Bibi harusi, bado unalala? Toa vitu nje tuone kama mwalimu ameoa mke au ameleta mgeni!"

Bibi harusi huanza hivyo, kila kitu cha mume kwenye jua, majirani waone. Nikatoa godoro, mablanketi, viatu, masanduku. Na kisanduku cheusi chenye fuwele. Nikaipangusa fuwele kwa leso, nikaianika kwenye sahani. Iling'aa vizuri sana.

Saa nane, nikikunja blanketi, nikaikumbuka barua. Gizani. Jua limeifuta njia yote.

Najiuliza kama nilisahau kweli. Sijui. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Ningenyamaza, mwale ungetawanyika mbele ya profesa, na mume wangu angebaki. Nilikaa na wazo hilo saa mbili nzima. Nililipenda.

Aliporudi nikamwambia. Hakunifokea. Alikaa kitandani, akafunika uso kwa mikono.

Jumanne, 6 Agosti

Alikunywa chai akinipa mgongo. Nimeumia. Kisha akasema, "Chukua hayo mablanketi, twende."

Maabara ya shule haina mapazia. Nimepigilia mablanketi madirishani mwenyewe, nyundo mkononi. Umeme ulikatika. Ukarudi. Ukakatika tena. Musa alikagua nyaya upya. Nikamshika mkono, hakuutoa.

Mara ya tatu ulitulia. Lenzi ilitupa kwenye karatasi nyeupe picha ya upande wa fuwele ambako mwale hutokea. Doa jekundu, pana, kama chai iliyomwagika. Akapandisha volti. Tukangoja. Doa likaanza kujikusanya. Polepole, polepole. Nusu. Robo. Mpaka nukta moja kali, nyembamba kama ncha ya sindano.

Nililia.

"Sasa unalia nini, mama?"

"Ni nzuri."

Kweli ilikuwa nzuri. Sijaona kitu kizuri hivyo maishani. Lakini sikulia kwa hilo tu.

Jumatano, 7 Agosti

Profesa alitazama. Akanywa chai. Akatazama tena, akasema, "Bwana Musa, funga mizigo." Musa alininyanyua juu mbele ya wanafunzi wote, nao wakapiga makofi. Nilicheka sana. Nampenda mno. Namchukia profesa.

Jumapili, 11 Agosti. Jinja

Musa alinisindikiza mpaka nyumbani, ameondoka adhuhuri. Mvua kidogo. Kesho naingia zamu ya asubuhi.

Tulijaza fomu zake mezani. Yeye alisoma, mimi niliandika, maana mwandiko wake hausomeki. Jina. Kuzaliwa. Ameoa: ndiyo. Hapo tulicheka. Swali lililofuata: je, mke atafuatana naye? Nafasi ni ya mtu mmoja. Musa hakulisoma kwa sauti. Aliweka kidole tu kwenye mstari, akatazama dirishani.

Nikaandika "Hapana". Kwa herufi kubwa, zisomeke vizuri.