Pipa la Nne

Dukani, chumba cha nyuma,
Jumatatu, saa ya chakula cha mchana.

Kwako kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu na watoto wote. Natumaini goti lako limepoa, na kwamba umeacha kupiga magoti kwenye sakafu za watu bila kutandika hata kitambaa, maana nawajua mafundi bomba, mnahurumia mabomba kuliko miili yenu. Wifi anaendeleaje na presha yake? Na yule kitindamimba bado anakataa kuvaa viatu? Mwambie shangazi yake anamkumbuka. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, natembea. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Najua ni miezi minane sijakuandikia, na sababu unaijua. Siku ile ya kumpongeza binti yako, ulipojimiminia mvinyo mwekundu ukauongezea soda na barafu, nilikucheka mbele ya wakweo. Nilisema una mdomo wa mbuzi. Wewe ulitabasamu tu, ukaiweka glasi mezani na hukuigusa tena. Niliiona pale mpaka tunaagana, barafu imeyeyuka yote. Nikarudi kwangu nikijiambia nasubiri hasira zako zipoe, kumbe hukuwa na hasira, ni mimi niliyekuwa na aibu. Nisamehe, kaka. Nilikuwa nimelewa sifa, na mtu aliyelewa sifa hata hapepesuki, ndiyo maana hakuna aliyenishika mkono.

Nakuandikia kwa sababu nimebanwa, na kwa simu nisingeweza kumaliza. Jumamosi hii, saa nne asubuhi, nitasimama mbele ya watu hapa dukani. Nisipopata msaada wako nitaumbuka, au nitasifiwa, na siku hizi hilo la pili ndilo naliogopa zaidi. Ila ili unielewe, niache nianze mbali kidogo.

Unakumbuka nilivyoanza kazi hapa, kazi ya kufuta vumbi kwenye chupa. Wakati huo mvinyo nilioujua ni ule mtamu wa harusini, unaokunywa leo kichwa kinakuuma mpaka keshokutwa. Mwenye ujuzi alikuwa marehemu mke wa Mzee, tuliyemwita Mama Duka. Mzee mwenyewe ana vidonda vya tumbo, daktari alimkataza hata kulamba kizibo, ndiyo maana tunamwita Mzee Kizibo, na jina analipenda kwelikweli. Basi kila alasiri Mama Duka alinipa mabaki ya chupa za kuonjesha, tone hapa, tone pale, akanitaka niandike kwenye daftari neno moja tu kwa kila chupa: nimeupenda, au sikuupenda. Alinikataza kuandika kwamba mvinyo ni mzuri au mbaya. Alisema uzuri na ubaya ni maneno ya wenye maduka, mnywaji wa kawaida kazi yake ni kujua anachokipenda, basi.

Ilinichukua daftari zima kujijua. Niligundua kwamba ile miekundu mizito wanayoiagiza wakubwa inanikausha mdomo kama nimelamba kabati. Mweupe mkavu, yaani usio na utamu, niliuona ni adhabu, hadi siku moja ya joto niliponywa wa baridi kabisa, nikaona nilikuwa nauonea. Halafu nikakutana na mmoja, mwekundu mwepesi, ambao wateja waliujia mara chache sana. Ukiuweka kwenye friji nusu saa unapata uchachu wa tunda lililochumwa siku moja kabla ya kuiva. Huo ndio ukawa wangu. Siku niliyougundua nilicheka peke yangu stoo kama mwehu. Sikujua kama mtu mzima, ana madeni yake ya usingizi na miguu inayovimba, anaweza kupata kitu kipya cha kupenda.

Mama Duka alipofariki, Mzee alinikabidhi kuonja. Alisema yeye ana macho na miguu, mimi niwe ulimi wake. Wateja wakalidaka jina, sasa naitwa Ulimi hata na mleta barua. Siku hizi mtu akiingia anaona haya, anashika chupa hii anairudisha, simwulizi lolote kuhusu mvinyo. Namwuliza anakunywaje chai. Mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani aliniambia anaipenda ya rangi, kali, bila sukari. Nikampa mwekundu mzito wa kukausha mdomo, na tangu siku hiyo hanunui mwingine. Nesi mmoja anatia limau kwenye kila kitu kasoro dawa, yeye nikampa mweupe mchachu. Fundi cherehani wa mtaa wa pili anaweka vijiko vitatu vya sukari, lakini miaka yote alikuwa ananunua mvinyo mkavu kwa kuogopa kuonekana mshamba. Nilipompa mtamu alisema nimemfungulia tai shingoni. Mzee akatundika kibao mlangoni: Muulize Ulimi.

Miezi mitatu iliyopita Mzee akapata wazo la duka kuwa na mvinyo wake lenyewe. Akanipeleka kwa mtengeneza mvinyo mmoja, mtu mwembamba mwenye vidole vilivyogeuka rangi ya zambarau. Ghalani kulikuwa na mapipa sita, na mimi ndiye wa kuchagua. Nikachagua la nne. Mzee hakuuliza swali hata moja. Mvinyo wote wa pipa lile umeshatiwa kwenye chupa, na hapa nilipo nimekalia kreti zake. Lebo zimeshachapishwa, zimeandikwa Chaguo la Ulimi, na chini pana mchoro wa mwanamke anayecheka ambaye wote wanasema ni mimi. Jumamosi ndiyo siku ya kuuzindua. Nitaonja mbele ya watu na kuwaeleza wanachokunywa.

Sasa, kaka, kama umesimama kaa chini. Mimi sisikii ladha.

Simaanishi nimechoka au nimezoea. Simaanishi ninasikia kidogo. Sisikii kabisa. Miezi mitano iliyopita nilipata mafua yaliyonilaza wiki nzima, na nilipoamka nikanywa kahawa nikadhani nimesahau kutia kahawa. Nikanusa sabuni, patupu. Nikanusa kitunguu, mafuta ya taa, soksi zangu mwenyewe, patupu. Daktari alisema mishipa ya kunusa na ya kuonja imeumia, huenda ikapona baada ya mwezi, au mwaka, au isipone. Lingekuwa bomba ungeshanizibulia.

Wiki ya kwanza sikumwambia mtu, nikijua itarudi. Wiki ya tatu nikasema nitasema ikifika mwisho wa mwezi. Mwezi wa pili nilikuwa nimeshadanganya watu wengi mno, sikujua nianze kwa nani. Ile habari ya chai niliyokueleza ilianzia hapo, siku ile nesi alipoingia akinitazama kwa matumaini nami sina cha kumwambia. Na ajabu ni kwamba wateja wamefurahi zaidi. Zamani, nilipokuwa na ulimi, nilikuwa nawaeleza wanachopaswa kupenda. Sasa nimenyamaza nawasikiliza wao. Kwa hiyo kila siku duka linajaa, kila siku jina linakua, na mimi kila siku nazidi kuzama. Laiti ningeharibu kazi wangenifukuza, nikapumzika.

Jumapili zangu unazijua zilivyo, kufua na kupiga pasi. Nikimaliza nafungua chupa ya ule mwekundu wangu mwepesi uliokaa nusu saa kwenye friji, namimina, nakunywa. Ni wa baridi, na ni majimaji. Hakuna zaidi. Nina huzuni, kaka. Nilichelewa sana kupata kitu kimoja kilichokuwa changu, na kimechukuliwa kimyakimya, na siwezi hata kupewa pole maana hakuna anayejua.

Utauliza nililichaguaje pipa la nne. Nilimwangalia mtengeneza mvinyo. Kwenye mapipa mengine aliongea mfululizo, mara mvua, mara udongo, mara mkwe wake mvivu. Alipofika la nne alinyamaza, akaifuta glasi kwa shati lake kabla ya kunipa. Nikasema moyoni hili ndilo analolipenda. Nilipolitaja alinishika mkono kwa mikono yote miwili, na Mzee akanikonyeza kama mtu aliyeshinda mnada. Nilirudi nimefurahi. Halafu nikaanza kufikiri. Huenda aliifuta glasi kwa kuwa ilikuwa chafu. Huenda alinyamaza kwa aibu, kwa kuwa pipa lile ndilo lililoharibika, na akanishika mkono kwa kushukuru kwamba amepata wa kumwondolea mzigo. Tangu hapo silali vizuri.

Nilidhani chupa zikifika nitajua kwa kuwatazama watu wakionja. Kusoma uso wa mteja ndiyo kazi yangu siku hizi, naijua. Lakini lebo imeharibu nyuso. Mwalimu alikunywa, hakumeza haraka, akanitazama kwanza mimi. Nikatabasamu kwa mazoea. Akasema anasikia matunda meusi na kwa mbali moshi. Nesi aliyekuwa nyuma yake naye akasikia moshi. Fundi cherehani alimaliza glasi kwa mkupuo mmoja, akasema ameacha pasi ikiwaka, akatoka mbio. Mpaka leo sijui kama alikimbilia pasi au alikimbia mvinyo. Hakuna tena mtu katika mtaa huu anayeweza kuunywa mvinyo ule bila kuniangalia mimi kwanza, na mimi sina chochote usoni cha kuwapa.

Ijumaa iliyopita nikaona liwalo na liwe. Nilifika kabla hatujafungua, nikamwambia Mzee wazi, kwa maneno ya kawaida, kwamba tangu mafua yale sisikii ladha wala harufu, na kwamba pipa la nne nililichagua kwa kubahatisha. Kaka, alicheka hadi akavua miwani. Alisema marehemu mkewe naye alikuwa akisema vivyo hivyo kila ikikaribia siku kubwa, eti ulimi umekufa, eti haonji kitu, na kwamba woga huo ndio dalili ya mtu anayeijua kazi. Nikaona sasa nimwonyeshe. Nikachukua kitunguu kibichi kwenye mfuko wangu wa chakula, nikakiuma kama tunda, nikatafuna mbele yake. Machozi yakanitoka, kitunguu ni kitunguu. Akadhani nalia. Akanipigapiga begani, akasema nimekumbuka jambo jema, kitunguu kinasafisha koo la mtu atakayehutubia Jumamosi. Mchana huohuo aliwasimulia wateja, na wakanipenda zaidi. Mwalimu alipiga makofi. Alisema huo ndio unyenyekevu.

Hapo ndipo nilipofikia. Uongo wangu wanauamini, ukweli wangu wanaupigia makofi. Wanitazame vipi ndio waone? Mzee si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniumiza. Ameweka kila alichonacho juu ya neno langu, na ananitazama kama alivyokuwa akimtazama mkewe alipokuwa akionja.

Kwa hiyo nakuomba vitu viwili. Cha kwanza, wewe uniamini. Hata kama hutafanya kingine chochote, soma mstari ule tena, ule wa kwamba sisikii ladha, useme pale ulipokaa kwamba ni kweli. Cha pili, usinijibu kwa barua. Njoo. Kuna basi la Ijumaa asubuhi, utalala kwangu. Uso wako haujawahi kujua kudanganya. Nilipopika mara ya kwanza, nina miaka tisa, ulisema chakula kizuri ukamaliza sahani yote, na uso wako wote ulikuwa unakataa, mashavu, nyusi, mpaka masikio. Hukujua kama nakuona. Nilikuwa nakuona.

Jumamosi, kabla sijafungua mdomo, glasi ya kwanza nitakumiminia wewe. Usiseme neno, na usinitazame mimi, tazama popote. Uso wako ukikunjamana, nitawaomba watu waweke glasi chini, niseme kilichonipata, nawe ukiwa umesimama pale Mzee hataweza kucheka. Uso ukitulia, nitasema vilevile, sitabadilisha neno hata moja. Nimechoka kuwa ndani ya hili peke yangu. Ila nataka, kabla sijaliacha, nijue angalau mara moja nilichokichagua kina ladha gani, na pa kukionja nimebakiwa na uso wako tu.

Nisalimie wifi, na mwambie safari hii asihangaike kunifungia chakula, atadhani namdharau nikishindwa kumsifu. Watoto wabusu wote, hata asiye na viatu. Mzee amerudi, namsikia akifungua mlango wa mbele na kuimba, kwa hiyo naishia hapa nikaiwahi posta kabla haijafungwa.

Nakungoja Ijumaa, kituo cha basi.

Ni mimi, mdogo wako.