Bao Lililochukuliwa

Mjukuu wangu Ilham,

Nnakuombea afya katika baridi ya huko Glasgow. Sisi hapa Bawshar, Maskati, wazima, ila goti la babu yako linamsumbua. Hata hivyo msikitini haachi kwenda.

Umeniuliza mbona nimekaa kimya tangu uliponitumia mchezo wa kompyuta ulioutengeneza mwenyewe. Nitakwambia.

Nilipokuwa msichana nilifanya kazi duka la kompyuta hapa Maskati, siku ambazo wengi walikuwa hawajaiona hiyo kompyuta. Nikalitia bao letu la Unguja ndani ya mashine, kete zinatembea kwenye kioo. Hapa petu hakuna aliyewahi kufanya kitu kama kile. Mwenye duka akalipeleka kwenye maonyesho, na mimi akanambia niwagaie wageni kahawa.

Mzee mmoja wa Unguja alicheza mpaka machozi yakamtoka. Akauliza, "Nani katengeneza hichi?"

"Mimi," akajibu mwenye duka, nami nimesimama ubavuni kwake na dele la kahawa mkononi. Mzee akambusu kichwa.

Nyumbani baba akanambia, "Nyamaza, mwanangu. Mtoto wa kike hagombani mbele za watu." Nikanyamaza, na sikutengeneza tena mchezo mwengine. Alipokufa yule mwenye duka, watu walimsifu kwa bao lile, na uchungu huo haujanitoka mpaka leo.

Mchezo wako mzuri, mwanangu. Lakini jina lako sikuliona popote. Liandike mwanzo kabisa.

Haya babu yako hayajui, wala mama yako. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Bibi yako,
Zuwena