Upupu Umenyamaza

Mpendwa Mama Fidelia,

Naomba msaada wako na naomba usinicheke, mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, nauza mitumba hapa Makambako kwa mjomba wangu Mansoor, nimesoma hadi kidato cha nne na tangu shuleni nilikuwa nayakata mashairi ya mzee Dionis gazetini nayabandika ukutani, bila shaka unamjua, yule katekista mstaafu wa kule Mlangali asiyekosa ukurasa wa mashairi, basi mwaka juzi nikajipa moyo nikamwandikia kumwambia ninavyoipenda kazi yake, sikutegemea jibu, akanijibu kurasa tatu, ananiita mjukuu wangu, na tangu hapo tunaandikiana, Idd ananitakia Idd njema na Krismasi namtakia yeye, na kwa kuwa babu zangu wote walishafariki naomba unielewe nikisema huyu ni babu yangu kweli kweli.

Mwaka jana akatoa shairi la kuwasema vijana wanaovaa mitumba, akaanza hivi:

Wavaa vazi la nani, ewe mtoto wa leo,
Koti la mfu shingoni, wajiona una cheo?

Mama Fidelia niliumia, makoti hayo ndiyo yananilisha, lakini kumwandikia babu barua ya kumpinga niliona ni utovu wa adabu, nikamjibu gazetini kwa jina la Upupu wa Makambako:

Baridi ikija ndani, haimjui wa cheo,
Njoo kwangu mnadani, uchague lako leo.

Babu akaja juu, akajibu, nikajibu, wasomaji wakaingilia, wengine upande wake na wengine upande wangu, na wakati wote huo kwenye barua zake ananisimulia habari za huyo Upupu, “Mjukuu wangu, kijana huyu hana adabu hata chembe, lakini vina vyake havipindi,” akaniomba nimtafute hapa Makambako nimwambie ni mtoto wa nani, nami nikamjibu kwamba naulizia.

Baada ya Pasaka binti yake Letisia akaniandikia kwamba baba kapooza mguu na mkono wa kushoto, nikajiona mimi ndiye niliyemlaza, nikaacha kabisa kujibu gazetini, nikawa namtumia tu barua za pole. Akatoa shairi anauliza Upupu mbona kimya, sikujibu, akatoa jingine, sikujibu, na sasa Letisia anasema kila Alhamisi gazeti linapofika misheni baba anaomba ashikwe mkono apelekwe, akifungua ukurasa akalikosa jina hilo anarudi hasemi na mtu na chakula anakirudisha. Juzi babu mwenyewe kaniandikia, “Nadhani nimemuumiza mtoto wa watu. Nimeandika shairi la kumwomba radhi mbele ya wasomaji wote, nalo litakuwa la mwisho, baada ya hapo naweka kalamu chini. Mwisho wa mwezi Letisia atalituma.”

Nikisema ukweli ataona nilikuwa namdhihaki muda wote na nitampoteza, nikinyamaza mzee wa watu ataomba radhi gazetini kwa kosa ambalo si lake na ataacha ushairi, usingizi sipati, nifanye nini?

Rehana, Makambako


Rehana mwanangu,

Umeniomba nisikucheke, nimeshindwa. Nimecheka pale pa kuulizia. Mtu anajitafuta mwenyewe mji mzima! Lakini nilipofika kwa mzee anayeshikwa mkono kwenda kutazama gazeti, kicheko kiliniishia.

Pole, na nasema pole kwa moyo wote. Hapo kwenye jina la Upupu huna kesi. Nusu ya washairi wa ukurasa ule hata wake zao hawajui wanajiitaje. Na kumpinga mzee kwa shairi si utovu wa adabu. Aliyepeleka shairi gazetini amelipeleka lijibiwe. Yeye anajua hivyo kuliko mimi na wewe.

Ulipokosea ni pale unapodhani ulitenda wema. Ulisikia anaumwa ukanyamaza. Hebu mfikirie. Mguu hauendi, binti yake anamkatia nyama, kila anayeingia mlangoni anamwambia pole mzee, pumzika mzee. Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa bado anamkunja shati na kumwambia njoo tupambane, na huyo naye kakimbia. Hata barua zako za pole, binti yangu, naogopa zimemchosha. Mzee alikuwa na mpinzani wa kumfanya aamke asubuhi atafute kina, wewe ukamwondolea bila kumuuliza.

Halafu kakuambia vina vya Upupu havipindi. Mwalimu wa dini wa zamani akisema hivyo, anasifu. Ulisifiwa ukiwa umekaa na barua mkononi, na hukusikia!

Sasa fanya hivi. Mwisho wa mwezi hauko mbali na posta yetu unaijua, kwa hiyo usiandike barua nyingine. Kaa chini ulijibu lile shairi lake la karibuni la kuuliza mbona kimya, beti kwa beti, kwa ukali uleule. Nikisikia umeweka neno pole ndani yake tutakosana. Kisha mwombe mjomba ruhusa, panda basi hadi Njombe, na kesho yake ushike gari la Ludewa, ushuke Mlangali. Kabla hujaondoka fungua robota la mitumba uchague koti zito kuliko yote, maana baridi ya kule mwezi huu haina mchezo.

Ukifika toa shikamoo, na machozi uyaache njiani. Msomee shairi mpaka mwisho. Ukimaliza mvike koti umwambie, “Babu, Upupu ni mimi, na mnada nimekuletea nyumbani.”

Atakasirika? Huenda. Na ana haki, kwa sababu ulimwambia unaulizia huku unajua. Kwa hilo mwombe radhi, kwa hilo peke yake. Akikugeuzia uso usikimbie tena. Ingia jikoni umsaidie Letisia kumenya viazi, umpe babu nafasi. Nijuavyo mimi watu wa mashairi, hawezi kukaa hivyo mpaka viazi viive. Amejibiwa kwa vina, na aliyemjibu yuko jikoni kwake.

Utamsikia anahangaika kutafuta kalamu. Usimwambie apumzike. Mpe.

Mama Fidelia