Kiondo cha Kutazamia Jua

Kalama, Machakos
Jumapili, 18 Julai 2027

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya, na kwamba ule mgongo uliokuuma mwezi wa tano umepona. Sisi hatujambo. Susu ni mzima, ila anasema magoti ya bibi mwenye wajukuu humsumbua asubuhi. Mahindi hayakufanya vizuri lakini mbaazi zimezaa. Nimeamua kuandika kwa sababu ninayotaka kukuambia hayawezi kuenea katika zile dakika zako chache za simu ya Ijumaa. Nthambi wa Kangundo, aliyekuja likizo, anarudi kazini huko Jeddah Jumatano na amekubali kukuletea barua hii.

Habari kubwa huku ni kupatwa kwa jua. Tarehe mbili mwezi ujao, mchana, mwezi utapita mbele ya jua. Hapa Machakos litafunikwa sehemu tu, kama chapati iliyoumwa mara moja. Huko uliko litafunikwa lote, na mchana utakuwa giza kwa zaidi ya dakika tano. Mwalimu Peris, anayesimamia klabu yetu ya sayansi, alitupa kazi ya kuwatayarisha watu wa vijiji vya hapa karibu. Kwa kuwa mimi ndiye katibu, nilipewa nafasi ya kuzungumza katika baraza la naibu wa chifu.

Nilidhani nitakuta watu wenye hofu. Sikukuta hofu, nilikuta mabeseni. Wazee wanakumbuka jua lilipopatwa mwaka wa 1980, kuku wakaenda kulala kabla ya saa sita, na watu wakalitazama ndani ya maji. Kwa hivyo kila nyumba ilikuwa imetenga beseni, na wengine walinunua mapya sokoni. Mama Kavutha, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, alikuwa ameshachagua mahali pa kuyapanga katika uwanja wa kanisa, makubwa kwa watu wazima na madogo kwa watoto.

Niliwaeleza kwamba maji hayatoshi kulinda jicho. Mama Kavutha akauliza kama mimi niliyezaliwa juzi nimekuja kumfundisha maji. Akasema amesikia miwani maalum ya shule ni kumi tu, basi wao wengine watazame nini siku hiyo, miguu yao? Watu walicheka sana, na mimi nikapoteza mahali nilipokuwa nimefika kwenye karatasi yangu.

Mzee Ndeti ndiye aliyeniokoa. Alisimama akasema mwaka ule alikuwa mvulana, aliinamia beseni la mama yake tangu mwanzo hadi mwisho, na tangu siku hiyo jicho lake la kulia lina doa katikati. Akilifumba la kushoto, humwona mtu masikio yote mawili lakini uso hauoni. Akaongeza kwamba kwa upande wa uso wa Kavutha hajakosa mengi. Hata naibu wa chifu alicheka, na Mama Kavutha akamwambia Ndeti ashukuru Mungu kwamba yeye pia hajioni.

Kelele zilipotulia nikasema ndiyo, watatazama miguu yao. Nikatoa kiondo kimoja chenye vitundu, nikakipindua na kukiinua juu kwa mikono miwili. Jua likapita kwenye vitundu na kuangusha duara ndogo ndogo kwenye mchanga, kila moja kama kifungo cha shati. Niliwaambia kila duara ni picha ya jua lenyewe, na siku hiyo zote zitaonekana zimeumwa, bila mtu kuinua macho. Mama Kavutha alivua kiatu, akaweka mguu katikati ya zile duara na kuutazama kwa muda mrefu. Kisha akatangaza kwamba mabeseni yatatumika kuosha vyombo, na kila mama alete kiondo kikuukuu.

Mama, sasa nifike kwenye jambo ninalolizunguka. Kiondo kile hakikuwa kikuukuu. Ni kile chako, ulichokiacha nusu asubuhi ile ulipoondoka bila kumuaga Susu. Unajua amekitundika ukutani, na hataki mtu mwingine akiguse, kwa sababu anasema kilichoanzwa na mkono mmoja humalizwa na mkono huo huo. Viondo vyake yeye vimekazwa, havipitishi hata maji. Chako kimelegea, kama anavyosema kila siku, na ndicho kilichonionyesha zile duara mara ya kwanza, sakafuni, karibu na dirisha. Nilikitungua Susu akiwa kanisani. Nikapanua matundu kwa spoki ya baiskeli, na nyuzi kadhaa zikakatika. Nakuomba msamaha.

Susu alijua kupitia kwa Mama Kavutha, aliyekuja kunisifu. Hakunigombeza. Alikichukua, akatoka nacho nje, akakiinua juu kama nilivyofanya. Duara zikaanguka juu ya miguu yake. Aliuliza ni wapi jua litafunikwa lote. Nikamwambia ni huko uliko. Aliuliza kama kuna mtu wa kukuonya. Nikasema sijui, ila wewe huanika nguo juu ya paa wakati wa mchana. Tangu uondoke alikuwa hajawahi kuniuliza habari zako.

Ameniagiza niandike hivi: siku hiyo ukiona mwanga umekuwa mwembamba, tazama chini. Mwalimu Peris anasema jua likishafunikwa kabisa mtu anaweza kutazama kidogo, lakini Susu hakutaka kusikia hilo. Tazama chini tu, Mama.

Matundu hajayaziba. Anasema hiyo ni kazi ya mwenye kiondo. Ila tangu jana ameketi mlangoni akisokota nyuzi mpya za mkonge kwenye paja lake, nyingi kuliko zinazohitajika, na amezitundika kwenye msumari ule ule wa kiondo chako.

Msalimie Nthambi akikufikia. Mungu akulinde wewe na macho yako. Ijumaa ukipiga simu, usikate upesi. Unakumbuka kwamba saa ile Susu hutoka kwenda kuwalisha mbuzi. Leo amesema Ijumaa watalishwa asubuhi.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Mutindi