Musherekha kwa Sakafu ya Mama Wagaki

Jumatano, 2 Oktoba 1996

Leo nimekohoa mpaka nikakaa chini kwa choo ya Mama Wagaki. Hiyo dawa yake ya kuoshea! Ukifungua kifuniko tu, kifua inafunga. Sista wa dispensari aliniambia wazi: Musimbi, achana na hiyo dawa. Kusema ni rahisi. Mama Wagaki naye anasema nyumba isiyonuka dawa haijaoshwa. Nikikataa, ataleta mwingine hapo kwake Kawangware, na mimi nikae chumbani kwangu mtaa wa Soweto nihesabu mabati.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimepata! Nimepata!

Jirani yangu Filister alikuwa anapika mboga ya mrenda, akimimina musherekha — yale maji ya majivu ya maganda ya maharagwe, ya kulainisha mboga kama kwetu Kakamega. Ikamwagikia stovu. Nikapangusa na kitambaa — mafuta ya tangu Krismasi yakatoka yote! Filister anacheka: sasa utaoshea watu nyumba na mboga? Cheka tu, dada. Kitu tunakula kila siku itanifanya nini kifua?

Nimetoboa mkebe, nimejaza majivu, maji yanadondoka pole pole. Usingizi imenikataa kwa furaha!

Jumatatu, 7 Oktoba

Sufuria za Mama Wagaki — kioo! Sinki, ndimu na chumvi. Choo, magadi na siki. Sijakohoa hata kidogo. Niliimba!

Mama Wagaki akaingia, akanusa, akanusa tena. Sisikii kitu, anasema, umeosha na mate? Msichana wake, Wagaki, akanitetea: Mum, si unaona mwenyewe? Ni yeye anaolewa; Jumamosi watu wa kijana wake wanakuja na mahari. Basi mama akakubali, nioshe nyumba yote na majivu yangu. Lakini akiaibika mbele ya wageni, nisirudi.

Alhamisi, 10 Oktoba

Woi! Woi! Nimeharibu.

Nilimwaga musherekha kwa sakafu ya sitting room, ile ya polish nyekundu, nikaitia kali kali ndio ing'are. Polish ikaanza kutoka! Nyekundu kwa kitambaa, kwa ndoo, kwa mikono. Kwetu sakafu tunasiriba na mavi ya ng'ombe — nani aliwahi kuniambia majivu na polish hazipatani? Katikati kukabaki kiraka kama kichwa ya mtoto mwenye mapunye. Nikapaka polish mpya, kiraka ikazidi kuonekana.

Mama Wagaki akashika kichwa. Alisema mengi, mengine kwa Kikuyu, na nashukuru Mungu sikuelewa. Ni Wagaki aliniokoa. Akafunga leso kiunoni: basi tutoe yote, ifanane. Bibi harusi mzima, amepiga magoti na mimi! Tumesugua mpaka simiti ikabaki peke yake, kijivu, laini. Mimi naona ni maridadi. Mama Wagaki anapita akiangalia dari.

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandikia jikoni, wageni wanakula. Nimeona kitu!

Shosho, nyanya ya bwana harusi, aliweka kitukuu chini, kimevaa nyeupe tupu. Mama Wagaki akafunga macho. Mtoto akatambaa nyumba nzima. Shosho akamwinua, akamgeuza, akaangalia magoti — safi! Kwao, anasema, watoto wote wako na magoti ya polish. Hapa mmeosha na nini?

Na Mama Wagaki, bila haya: ni dawa ya kutoka ng'ambo.

Ng'ambo! Ng'ambo gani, Kakamega? Nilitaka kucheka, halafu ikaniuma. Shosho anataka chupa ya kubeba. Mama Wagaki akaja mbio hapa jikoni na chupa ya shampoo ya kizungu, ameiosha, ananong'ona: Musimbi, tafadhali jaza. Tafadhali! Hiyo neno sijawahi kuisikia kwake.

Nimejaza. Lakini nimemwambia: kupeleka, napeleka mwenyewe. Na shosho akiniuliza, nitamjibu ukweli.

Amerudi kwa wageni akisema atafikiria. Nasikia shosho anauliza tena. Mimi nimeshavua aproni; naenda na chupa.