Lori la Baba Limetengemaa

Buzuruga, Mwanza
Jumanne jioni

Kaka yangu Mashimba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta wewe, wifi Queen na watoto mkiwa wazima huko Songea, na kwamba kifua cha wifi kimetulia kwa kuwa baridi ya huko inaelekea kuisha. Sisi huku tunalala na kuamka, tunamshukuru Mungu. Mgongo wangu unalalamika kwa sababu ya kuinamia cherehani kutwa nzima pale Mabatini, lakini kazi ipo, na aliye na kazi hana ruhusa ya kulalamika sana. Baba anakula. Angejua kwamba nakuandikia angekutumia salamu zake, ila hajui.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu na simu ipo. Nyumba yetu unaijua. Kila nikipokea simu Baba huuliza kama ni wewe, kisha hunyoosha mkono aipokee, na mkishaanza kuongea mambo ya barabara mimi sina tena pa kuingiza neno. Hili ninalotaka kukueleza halisemeki mbele yake. Nitampa barua hii jirani yetu anayesafiri kuja huko kwa ndugu zake, aikabidhi mkononi mwako.

Nianze na lori, maana la lori unalijua nusu tu.

Unakumbuka tulivyokaa kikao, wewe ukiwa kwenye simu na mimi nikiwa nimeiweka mezani ili wote wasikie. Baba alikuwa amerudi na lori limebonyea ubavu wa kushoto, mara ya pili katika msimu mmoja wa pamba. Alisema taa zilizima zenyewe. Alisema waipa zinafagia kioo wakati hakuna hata tone la mvua, na honi inalia bila kuguswa, na siku moja milango ilijifunga akiwa ameshuka kununua muhogo, akabaki nje kama mgeni. Mafundi walibadilisha taa, wakabadilisha fyuzi, wakabadilisha swichi, na kila walipolijaribu lilikuwa zima kabisa. Kwa hiyo tukaamua kwamba aliyechoka ni mzee. Funguo akapewa Chenge, yule utingo wake. Baba hakubisha. Aliziweka mezani, akatoka kwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, na tangu siku hiyo akawa mtu wa maneno machache.

Chenge ni kijana mwangalifu, hanywi. Alipokuwa anapeleka dagaa Kahama, jua likiwa ndiyo linazama, alipita Usagara na taa zote zikazima kwa mpigo, za mbele na za nyuma, huku waipa zikianza kupiga kioo kikavu. Mbele yake kulikuwa na ng'ombe wanarudishwa zizini. Alitoka nje ya barabara, akaingia kwenye shamba la mpunga, na lori likasimama matopeni likiwa wima kwa rehema za Mungu tu. Mchungaji wa ng'ombe wale alipona kwa kuruka mtaro. Chenge aliporudi nyumbani hakuanza kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwa Baba akapiga magoti, akamwambia kwamba mzee hakuwa anasema uongo.

Hapo ndipo watu wakaanza kutuambia lori limerogwa, na mama mmoja wa jumuiya akaniletea jina la mganga wa Magu. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nusura niende. Badala yake nikalivuta lori hadi Nyakato, kwa Iqbal, fundi umeme wa magari ambaye baba yake pia alikuwa fundi hapo hapo.

Iqbal hakukimbilia kubadilisha chochote. Alipima betri, akazifuata waya za ardhi moja moja, akaziona nzima. Kisha akafungua chini ya dashibodi akatoa kisanduku cheusi, kikubwa kuliko kitabu cha nyimbo kidogo tu. Alinieleza kwamba hiyo ndiyo kompyuta ya bodi. Dereva akiwasha taa, swichi haipeleki umeme kwenye taa, inapeleka ombi kwenye kile kisanduku, nacho ndicho kinachoamuru taa iwake. Vivyo hivyo waipa, honi na milango. Alipokifungua, ndani kulikuwa na kutu ya kijani. Mpira wa kioo cha mbele ulikuwa umezeeka, maji ya mvua yakawa yanapenya na kuteremka taratibu hadi pale. Kikiwa kikavu kilifanya kazi, kikipata unyevu kikachanganyikiwa. Ndiyo maana mafundi wa kwanza hawakuona kitu, walikuwa wanalijaribu juani.

Kukipata kingine ikawa kazi nyingine. Lori ni la zamani, kipya hakipo. Tulipata kimoja kilichotolewa kwenye lori bovu huko Dar, kikaja kwa basi, na Iqbal alipolinganisha namba akakuta herufi ya mwisho inatofautiana. Alikijaribu hivyo hivyo kwa kuwa nilimsihi. Taa ziliwaka lakini injini haikukubali kuzitambua funguo. Tukakirudisha, tukasubiri tena, na mimi kila siku nikitoka Mabatini napitia Nyakato kuuliza, miguu imevimba, najibiwa bado. Kilipokuja cha pili namba zilikuwa zile zile. Iqbal alikataa kukifunga kabla ya kung'oa kioo na kuweka mpira mpya, akisema vinginevyo tutakuwa tunakizamisha na hiki. Akafungua betri, akakifunga, akaunganisha kompyuta yake ya mkononi, akahamisha kumbukumbu za kile cha zamani na kukifundisha funguo zetu. Halafu akamwagia kioo maji ya mpira kwa muda mrefu huku tumekaa ndani tunasikiliza. Hayakuingia hata kidogo. Kila nilichokiwasha kiliwaka, kila nilichokizima kilizima. Kaka, nilikaa pale kwenye kiti cha dereva nikalia, si kwa furaha, ni uchovu tu ulikuwa unatafuta pa kutokea.

Siku ile nilikupigia, ukafurahi, ukasema tumwombe mzee radhi na tumrudishie funguo zake. Tulifanya hivyo. Chenge alikuwepo, na majirani, na mzee wa kanisa akasali. Baba alizipokea funguo kwa mikono miwili, akatushukuru, akaziweka mfukoni.

Lakini hakuendesha. Siku ya kwanza alisema jua ni kali. Siku nyingine akasema matairi yapimwe upepo. Mara leseni, mara goti. Tulipokwenda naye Nyakato kulichukua lori alipanda, akawasha injini, akashika usukani muda mrefu, kisha akamwita Chenge na kumwambia aendeshe yeye, kwamba anataka kulisikiliza kwanza akiwa abiria. Nilidhani ana kinyongo na sisi. Nilidhani anataka tumbembeleze zaidi, na sikuwa na nguvu ya kubembeleza.

Jumamosi iliyopita Chenge alikwenda Igombe kupakia dagaa, na Baba akaniomba tumsindikize. Tulikaa juu ya jiwe kando ya ziwa wakati wapagazi wanapakia. Wanawake walikuwa wanakusanya dagaa waliokauka, upepo ulikuwa mwanana. Chenge akaja kutuletea maji ya kunywa, akasimama kushoto kwa Baba, karibu kabisa, chupa mkononi, akingoja mzee aipokee. Baba akanigeukia mimi akaniuliza Chenge kaenda wapi.

Chenge alinitazama. Nilimpa ishara aende, akaweka chupa chini polepole, akaondoka.

Baba mwenyewe ndiye aliyeanza kuongea. Alisema, "Rebeka, lori lilikuwa bovu. Na mimi ni mbovu. Yote mawili ni kweli, ila ninyi mmetengeneza moja."

Kaka, Baba haoni upande wa kushoto. Alinieleza kwamba ilianza zamani, kama pazia linalofungwa taratibu, na sasa hata jicho la kulia limeanza kingoni. Ubavu uliobonyea mara zile mbili ni wa kushoto, nasi hatukuliwaza hilo. Aliniambia kwamba kiza kilipomjia barabarani hakuwa anajua kama zimezima taa au yamezima macho, na kila alipogundua ni taa alimshukuru Mungu. Lori bovu lilikuwa linamsitiri. Akawa anaomba lisitengemae, huku akijua kwamba litaua mtu. Chenge alipopiga magoti mbele yake alitaka kumwambia, akashindwa. Na tulipokusanyika kumwomba radhi, alisema hakuna kitu kilichomuuma maishani kama kuombwa radhi siku ile, kwa sababu tulimkosea nusu, naye akazipokea radhi nzima.

Jana nilimpeleka hospitali. Daktari amesema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa za matone akizitumia kila siku bila kukosa. Namtilia mimi asubuhi na jioni. Anainua uso kama mtoto anayenawishwa, na mimi nahesabu matone.

Amenisihi nisikuambie. Anasema wewe ndiye uliyekuwa unakaa naye mbele kwenye lori ulipokuwa mdogo, na anataka ubaki na dereva yule. Nimelibeba hili kwa siku chache tu na tayari naona siliwezi peke yangu. Usimkasirikie, na usimwambie kwamba unajua, mpaka atakapokuambia mwenyewe. Ila ukipata likizo, njoo. Njoo ukae upande wake wa kulia.

Na nakuomba neno moja. Kila Jumapili ukipiga simu humuuliza ni lini atarudi barabarani, nawe unamuuliza kwa upendo. Yeye hukujibu kwamba ni wiki ijayo, kisha hashiki chakula cha mchana. Jumapili hii usimuulize. Mwulize habari za mvua, au habari za kuku wake.

Msalimie wifi Queen, na watoto wabusu kwa niaba ya shangazi yao. Chenge anakusalimu, funguo zimerudi kwake, Baba alimpa mwenyewe. Mimi naishia hapa, mkono umechoka na saa ya matone imefika.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Rebeka Mhoja